Muungano wa Muuza Mayai

Neno lililoniponza ni Muungano. Miaka ile ya tisini, mwanangu akinieleza kwamba nchi za Ulaya zinazidi kuungana, mimi nikisikia Muungano wa kwetu. Na kwetu Unguja kaka yangu mkubwa aliuhoji tu, hakujibiwa. Akakosa kazi, kisha akakosa nchi.

Mimi sikusoma. Kibanda changu cha vitambaa pale soko la Walthamstow, huku Uingereza, nilikipata kwa jasho langu. Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiingereza, muuza mayai. Nilipokwenda Unguja kumzika mama, yeye ndiye aliyenisimamia kibanda.

Basi mzee yule akaingia chama kidogo kinachotaka Uingereza itoke Ulaya. Sokoni wakamfanya kichekesho. "Leo mayai yako yana pasipoti?" Akaomba kusema kwenye kikao cha wenye vibanda, wakamkatalia. Nikasimama.

"Mpeni nafasi. Akisema upuuzi, mjibuni."

Mwanangu, mtu wa ofisini, alinikasirikia kwa Kiingereza chake: Baba, watu hao hawajibiwi, ukiwajibu unawapa heshima.

"Hata juu ya baba yako mkubwa waliambizana hivyo hivyo," nikamwambia.

Mzee akapewa nafasi. Alianza vizuri: sheria zinatungwa mbali, sisi hatuulizwi. Nikawa naitikia kwa kichwa, maneno hayo nayajua. Halafu akasema wageni wamezidi, warudi kwao. Watu wote wakanigeukia.

"Na mimi, jirani?"

"Aa, wewe si mgeni bwana. Wewe wetu."

"Hao unaowafukuza ndio wateja wangu. Wakiondoka vitenge nikuuzie wewe?"

Wakacheka mpaka kikao kikavunjika. Lile la sheria za mbali hakuna aliyelijibu, hata mimi niliyemwombea nafasi. Kucheka si kujibu.

Siku hizi maneno yake nayasikia kwenye televisheni, yanasemwa na watu wenye tai, na hakuna anayecheka. Mwanangu huniuliza kama nimeona. Nimeona. Nimechoka, lakini bado nasema wajibiwe, tena kwa hoja.

Asubuhi iliyofuata kikao kile, mzee aliniwekea mayai yaliyopata ufa, ya mke wangu kupikia, kama kawaida yake. Nikayapokea, nikamshukuru. Lakini nilipokwenda tena Unguja, kibanda nilikifunga.