Mdakaji Aliyehamia Harrow

Ummukulthum, mzaliwa wa Wete, alikuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya Barking, London, na mzee mmoja wa Kimarekani humo ndiye aliyemtia ugonjwa wa besiboli. Mzee alifariki mwaka 1998, ugonjwa ukabaki. Miaka miwili baadaye Ummukulthum akawa kocha wa timu ya mtaa, wanawake kwa wanaume, katika kundi la timu tatu: Barking, Kilburn na Harrow.

Msimu wa 2001 walimaliza wa mwisho. Baridi ilipoingia, wenzao wakaanza kujijenga. Kilburn walipata wanafunzi wawili wa chuo, mabega kama milango. Harrow walikuwa na Vijay, mrushaji ambaye mpira wake ulikupita kabla hujainua gongo. Barking wao wakampoteza hata mrushaji waliyekuwa naye, Kamande, aliyehamia fleti ya Kilburn akasema safari ya kila Jumapili haiwezi.

"Mtu anaacha timu kwa sababu ya treni!" Ummukulthum alimlalamikia mumewe. Rajab ndiye aliyekuwa mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira. Aliendelea kumenya chungwa.

Ummukulthum akampigia simu Alnashir, kocha wa Harrow. "Nipe Vijay, nikupe wawili."

"Wawili wepi, dada? Mmoja goti bovu, mwingine hajaonekana tangu Ramadhani. Nipe mdakaji wako."

"Mdakaji wangu ni mume wangu!"

"Sikukuuliza nasaba yake."

Akakata simu kwa hasira. Wiki ya pili yake, Jumamosi, alirudi kutoka kazini akamkuta binti yao, Afra, peke yake.

"Baba yako yuko wapi?"

"Dad's gone to Harrow."

"Kumwona nani?"

"No, Mum. Gone. He signed."

Ummukulthum akakaa na koti lake mwilini. Kasaini! Rajab aliporudi hakuvua hata viatu, alisimama mlangoni kama mgeni.

"Mama Afra, usinune. Kule nikikosea uwanjani, yanaishia uwanjani. Hapa nakosea Jumapili, nasemwa mpaka Alhamisi, na wali umepoa."

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia. Ulikuwa unapanga kikosi."

Hilo lilimuuma, kwa kuwa alijua ni kweli. Lakini hakumrudisha. Alimpigia Alnashir tena: "Umechukua mume, lete Vijay." Alnashir akacheka hadi akakohoa, na kwa kuwa alikuwa na warushaji wengine wawili, akakubali.

Mwezi wa Mei timu hizo mbili zikakutana. Vijay alirusha vizuri mno, ndiyo ikawa balaa, maana hakuna aliyeweza kumdakia. Mipira ilimpita mdakaji mpya, kijana mmoja, huku Harrow wakikimbia kuchuma pointi kama wametumwa. Ummukulthum alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamvua yule kijana barakoa, akaivaa juu ya mtandio, akachuchumaa mwenyewe.

Mpigaji aliyefuata alikuwa Rajab. Akageuka, akamwona.

"Wewe! Na mgongo wako huo?"

"Tazama mbele."

Mpira wa kwanza Rajab akaukosa, na wa pili pia. Kabla ya wa tatu akasikia nyuma yake, kwa sauti ndogo, "Jiko ulizima?"

Rajab akageuka kidogo tu. Mpira ukatua mkononi mwa mkewe. Ukosaji wa tatu: nje.

"Hiyo si haki!" alifoka, akimtazama refa, ambaye hakujua hata neno moja la Kiswahili.

Hata hivyo Barking walifungwa kumi na moja kwa nne, na mwisho wa msimu wakawa wa mwisho tena. Rajab alibaki Harrow miaka mitatu. Ummukulthum akabaki mdakaji, kidole kimoja kikavimba na hakikunyooka tena. Jumapili walitoka nyumbani pamoja, kila mmoja na mfuko wake wa gongo, wakiagana stesheni bila ya kutakiana heri.