Milango Mipya ya Landrova ya Baba

Asubuhi baba aliponiita mama wa mboga kwa mara ya kwanza, nilicheka. Baba alikuwa mtu wa utani maisha yake yote. Akanishukuru kwa heshima nyingi, akasema leo sukuma iko ya kutosha, nipite siku nyingine, msichana wake akitoka kazini ataamua. Nikasimama pale na kikombe chake cha chai mkononi. Msichana mwenyewe ni mimi, na hana mwingine.

Tulikuwa tukiishi pamoja Busia tangu maji ya mto Nzoia yaangushe ukuta wa nyumba yake kule Rukala. Alikuja na godoro, redio, na landrova yake iliyovutwa kwa kamba nyuma ya trekta. Niliicheka ile landrova. Nilimwambia amebeba kaburi na kulileta kwangu. Lakini ndiyo iliyonilea. Alikuwa ameinunua tayari imezeeka, akabebea watu wa Budalang'i kila kitu kinachobebeka: magunia ya mchele, maharusi, wajawazito, maiti, wakati barabara ni tope na hakuna gari jingine linalothubutu. Kisha gari likazeeka kumshinda, likafunikwa turubai nyuma ya nyumba yangu, na kuku wangu wakahamia ndani.

Nilimpeleka hospitali Kocholia. Daktari alikuwa mpole. Aliniambia ugonjwa huu wa kusahau hauna dawa ya kuurudisha nyuma, lakini mzee awekwe karibu na vitu anavyovijua, visimpotee vyote kwa mkupuo. Mimi sikusikia hiyo sehemu ya kwanza. Nilisikia vitu anavyovijua, nikashika hapo kama mtu anayezama.

Kwa maana kitu alichokiulizia kila siku kilikuwa kimoja. "Gari yangu iko wapi?" Basi nikafukuza kuku, nikavua turubai. Milango ilikuwa imeliwa kuanzia chini mpaka ukiisukuma inabaki mkononi. Madigadi ya juu ya magurudumu yalikuwa yametoboka. Sakafuni uliona nyasi. Baba alilizunguka lile gari akiwa amefunga mikono nyuma, taratibu, namna mtu anavyotembea kwenye matanga ya jirani asiyemfahamu sana.

"Pole kwa mwenyewe," akasema. "Hii imekufa. Yangu ni mzima."

Nikajiambia: kumbe ndiyo dawa hiyo. Anakumbuka gari zima. Nikilifanya zima atalijua, na akilijua gari atamjua na aliyelelewa ndani yake. Najua inavyosikika. Wewe ngoja mzazi wako akuulize umetoka kijiji gani, halafu uje unifundishe akili.

Bodi za magari yale waliozitengeneza mwanzo walishaacha. Lakini ng'ambo kuna watu wanaozipiga upya kopi, mlango kwa mlango, sakafu kwa sakafu, kwa ajili ya wapenzi wa magari ya zamani. Nilimpata mfanyabiashara wa Kampala anayekusanya oda za watu kama hao na kuleta zote kwa kontena moja. Nikaagiza milango, madigadi na sakafu. Nikamwambia baba gari linakuja. Akaniambia vizuri, mama wa mboga.

Kazi yangu ni Malaba, katika ofisi ya kupitisha mizigo inayovuka kwenda Uganda na mbele zaidi. Kwa hiyo nilijua kontena lilipotoka Mombasa, nikajua lilipofika, nikatoka ofisini mbio kwenda kulitafuta kwenye foleni. Foleni wiki zile ilikuwa ya kutisha. Mitambo ya mpakani ilikuwa imegoma, na malori yamejipanga nyuma mpaka macho yanachoka. Nikalipata lori langu karibu na vibanda vya chapati. Nikapiga bati la kontena kwa kiganja. Milango ya baba ilikuwa humo ndani, mbele ya pua yangu, na mzigo wote umeandikwa Kampala.

Dereva alikuwa amelaza kiti anakula mahindi. Nikamweleza. Nikamwambia mwenye vitu ni mimi, nyumba yangu ni Busia, hapo tu, na mgonjwa yuko nyumbani.

"Dada, hiyo sili unaiona?" akaniuliza, akionyesha kile kifungo chenye namba kinachofungiwa mlango wa kontena. "Nikiigusa upande huu wa Kenya, mimi nafungwa, na wewe unafungwa na mimi. Wewe si ndio unafanya kazi ya hii mambo?"

Ndiyo, nafanya kazi ya hayo mambo. Nimewaambia watu maneno hayo hayo tangu niajiriwe, tena bila kuinua macho. Siku ile yaliniingia.

Lori likakaa. Kila asubuhi nilipita nikaliona limesogea kidogo au halikusogea kabisa, na kila jioni nilirudi nyumbani nikakuta baba amepungua. Alisahau choo kiko wapi. Alisahau kwamba mama alifariki, nikalazimika kumwambia, akalia upya kama mtu aliyepigiwa simu sasa hivi. Tangu hapo akiuliza nikawa nasema mama ameenda sokoni. Kila mara nilipomwambia, "Baba, ni mimi," alirudi nyuma kidogo na kushika kiti, kwa woga, maana mwanamke asiyemjua alikuwa anamwita baba. Na bado sikuacha. Nilikuwa namwambia asubuhi, namwambia akila, namwambia nikimvisha shati. Nilikuwa na hasira naye. Ni vibaya kusema hivyo kuhusu mgonjwa, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilitaka kumshika mabega nimtikise.

Kisha ikaja siku hakuuliza gari. Nilingoja mpaka uji ukaisha, mpaka nikavaa viatu, hakuuliza. Nilipofika Malaba nilijifungia chooni kazini nikalia mpaka mwenzangu akagonga akidhani naumwa tumbo.

Lori lilivuka. Mizigo ikafika Kampala, ikashushwa, na ya kwangu ikarudishwa kwa pikapu kupitia Busia, ikalipiwa ushuru upya kana kwamba haijawahi kuona Kenya. Ilipofunguliwa uani kwangu nilinusa ile harufu ya bati jipya nikaona dunia imenihurumia.

Fundi wa bodi niliyemwita ni mtu wa hapa Busia, mpole, mwenye maneno machache. Alifungua milango ile ya zamani, akakata sakafu, akatoa madigadi, akavipakia kwenye mkokoteni. Sikumuuliza. Hapa kwetu kinachotolewa kwenye gari ni cha fundi, vile kichwa cha mbuzi kilivyo cha aliyechinja. Hakuna anayelisemea jambo hilo, wala mimi sikulisemea. Akafunga vile vipya, akapaka rangi ya kijani kibichi kama ile ya zamani. Injini alikuwa ameshaifufua fundi mwingine. Lile gari liling'aa mpaka majirani wakaja kulitazama uani kama mtoto mchanga.

Nikamtoa baba nje nimemshika mkono.

Akalitazama. Akanyoosha mkono akaugusa mlango wa dereva, chini kidogo ya dirisha. Kiganja chake kikaenda mbele, kikarudi, kikashuka, kikarudi tena, kinatafuta. Mlango ulikuwa laini kama sahani. Akaondoa mkono haraka.

"Hii ni ya serikali," akasema. "Tokeni hapo. Mwenyewe akikuja atapata nyinyi."

Hapo ndipo nilipoelewa kiganja kilikuwa kinatafuta nini. Ule mlango wa zamani ulikuwa umebonyea mahali pale alipougonga fahali wa watu siku ya mnada, na chini yake kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa mtumbwi, mwaka wa mafuriko ambao watu walipanda mitumbwi barabarani. Baba aliendesha miaka yote mkono umening'inia nje, kiganja juu ya lile bonde. Gari zima kwake lilikuwa lile lenye makovu yake. Mimi ndiye niliyelifuta.

Nilimwacha na jirani nikaenda kwa fundi karibu nikikimbia.

"Ile milango yangu iko wapi?"

"Gani?"

"Ya zamani. Ile mibovu. Naitaka."

Akajikuna shingo. "Mama, ile ilikuwa alumini safi. Watu wa kuyeyusha watengeneze sufuria walichukua, wakavuka nayo. Saa hii hiyo inapika ugali mahali."

Nikamtukana. Nilimwita mwizi mbele ya wateja wake, mtu ambaye hakuchukua ila haki yake, na sauti yangu ilikuwa inapasuka. Akanisubiri nimalize. Akaniuliza taratibu kuna nini, nikamwambia. Akaokota nyundo.

"Ilikuwa imebonyea wapi?" akasema. "Si unaniambia tu, napiga. Hata ukitaka leo."

Ndivyo tulivyosimama uani kwangu jioni ile, mimi na fundi na nyundo, tukiuharibu mlango nilioungoja nikilia chooni. Nilimwonyesha kwa kidole. Hapa. Akapiga. Hapana, chini zaidi. Akapiga. Nikafumba macho nijaribu kuuona ule mlango nilioupanda tangu sijui kusoma, nikaona rangi, nikaona mkono wa baba, lakini bonde lenyewe halikukubali kukaa mahali pamoja. Nikasema hapo hapo, basi, inatosha. Mkwaruzo wa mtumbwi tuliuchora kwa bisibisi.

Kesho yake baba akaletwa tena. Kiganja kikaenda, kikaingia kwenye bonde, kikatulia.

"Hii imepigwa nyundo," akasema. Akainama akaangalia kwa karibu, uso umekunjamana. "Ng'ombe hapigi hivi. Nani ameharibia watu gari?"

Basi. Nikakaa kwenye ndoo iliyokuwa pale. Sikuwa na kitu kingine cha kujaribu, na wala sikuwa na machozi. Baba aliendelea kupapasa mlango kwa masikitiko, akimhurumia mwenye gari. Kisha akaona funguo mkononi mwangu.

"Mama, ni wewe dereva?"

Nikasema ndiyo.

"Unaenda upande ya Rukala?"

Midomo ilikuwa imeshafunguka kusema lile neno langu, baba, ni mimi. Nikamwona alivyosimama, kofia mkononi, namna watu walivyokuwa wakisimama mbele yake kumwomba lifti.

"Naenda huko, mzee," nikasema. "Panda."

Akapanda upande wa abiria. Tukatoka Busia. Nilikuwa sijawahi kuliendesha lile gari na lilinitoa jasho, nikawa nakwaruza gia, yeye ananitazama kwa upole wa mtu asiyetaka kumwaibisha mwenzake. "Hapo mbele punguza," akasema, "iko shimo upande ya kushoto." Na shimo lilikuwepo. Akanieleza wapi barabara hunywa maji na wapi ni mchanga mtupu. Alikuwa hajaongea kiasi kile kwa miezi. Nikamuuliza anaenda kwa nani Rukala.

"Kwa msichana yangu," akasema. "Ananingojaga kwa njia panda. Hata mvua inyeshe. Mama yake anapiga yeye lakini hasikii. Hakuli mpaka anione."

"Ni mtoto mzuri?"

"Ni mkali." Akacheka. "Kama wewe hivi. Lakini ananipenda sana, huyo. Sijui kama anajua nimeona."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Ningemjibu ningelia, na angeogopa, na angeshuka.

Tulifika njia panda jua likiwa bado juu. Wanawake walikuwa wanaanua omena zao, wale dagaa wa ziwani, maana manyunyu yalikuwa yameanza, wengine wamefungua miavuli. Baba akaniambia nisimame. Akatoa kichwa dirishani, akatazama upande wa kwenda nyumbani, akatazama upande wa soko, akarudi kutazama upande wa nyumbani.

"Hajakuja," akasema.

"Labda ametumwa dukani, mzee."

"Hapana. Huyo hawezi kosa." Sauti ilikuwa imeanza kutetemeka. Akanigeukia, akaweka mkono wake juu ya wangu, kwa adabu, kama mtu anayejua anamchelewesha mwenzake. "Mama, tafadhali. Zima gari tumngoje kidogo."

Nikazima gari, tukakaa, tukamngoja.