Wiki Tatu Bila Chumvi

Siagi imekataa kukatika. Imelala kwenye friji usiku kucha na sasa ni ngumu kama tofali, na mama aliyeshika kisu hana nguvu za kugombana nayo. Anaiegemea kwa kifua, anaikata vipande, anavitupia kwenye unga na kuanza kuvisugua kwa ncha za vidole, harakaharaka, kabla joto la mikono halijaviyeyusha.

Nje kunapambazuka. Jikoni kuna taa moja, meza moja iliyofunikwa bati, oveni moja ya umeme ambayo mlango wake hufungwa kwa waya, na wanawake wawili ambao hawajasemezana tangu waamke.

Mtaani wanamwita Mama Pai. Ana miaka hamsini na miwili, mikono ya mwanamieleka na, tangu miezi saba iliyopita, kiuno cha msichana wa shule. Amepungua kilo kumi na moja.

"Watu wananiuliza natumia dawa gani ya kupunguza mwili," anasema bila kuinua macho. "Nawaambia, fiweni na waume zenu, mtaona."

Mwanamke wa pili ni mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini kasoro miwili, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mto mgongoni. Kazi yake jikoni humu ni moja, na haimalizi hata dakika mbili. Nyama ya kusaga ikishaiva na kupoa, huletewa beseni mapajani. Hutumbukiza vidole kwenye kopo la chumvi, hunyunyiza, hugeuza, huonja kwa ncha ya kijiko, hukunja uso, hunyunyiza tena.

"Peleka," anasema. Ndilo neno lake la kwanza asubuhi hii.

Leo ni Ijumaa, na kesho bibi huyu hatakuwepo. Binti yake, yaani wifi wa Mama Pai, anakuja na pikapu kumchukua akaishi kwake, maana miguu imekwisha na choo cha nyumba hii kiko nje, ngazi nne chini. Pikapu hiyohiyo inakuja na wanaume wawili wa kubeba oveni. Wifi ameshaipatia mnunuzi, mwenye mgahawa.

Mama Pai, mwenye oveni, hajasema ndiyo wala hapana.

"Nimeambiwa nijibu kabla gari halijafika," anasema. Anapangusa unga kwenye paji la uso na kuacha mwingi zaidi. "Nikiweza kutia chumvi mwenyewe, oveni inabaki. Nikishindwa, waibebe."

Asiyejua anaweza kucheka. Mwanamke anayesukuma unga ukawa mwembamba hadi mtu anakaribia kusoma gazeti lililo upande wa pili, anashindwaje kutia chumvi?

Ni kwamba hajawahi. Katika miaka tisa ya kuoka pai kwa ajili ya kuuza, hakuna siku hata moja aliyogusa kopo lile. Ilikuwa kazi ya mumewe.

Marehemu alikuwa dereva wa lori. Magoti yalipomgomea alirudi nyumbani, akakaa wiki mbili akihesabu mbao za dari, siku ya kumi na tano akaingia jikoni kuuliza kama kuna kazi. Mkewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza na pai kumi na mbili kwa siku, akampa kijiko aonje. Hakukirudisha.

"Aliniambia, 'Mke wangu, wewe una mikono, mimi nina ulimi, tugawane kazi.' Nikajua huo ni uvivu tu," anasema Mama Pai. "Lakini ulimi alikuwa nao kweli."

Ulikuwa pia ulimi wa kupiga chuku. Mteja aliyekuja kununua pai moja alikaa nusu saa akisikiliza jinsi lori lilivyokatika breki kwenye mteremko, na dereva akalisimamisha kwa kuliomba radhi. Au jinsi alivyopita nje ya mji fulani, madirisha yamefungwa, akanusa supu ya harusi iliyokuwa ikichemka huko ndani na kutuma salamu kwamba imepungua chumvi. Walipoionja, alisema, ikawa kweli.

Lakini kwenye beseni hakuwa na mzaha. Nyama ya moto hakuionja, kwa sababu moto, kwa maneno yake, ni mwongo. Aliiacha ipoe. Akishatia chumvi, alichukua kijiko kimoja cha nyama, akakifunga kwenye kipande cha unga na kukioka peke yake, kipai cha ukubwa wa kidole gumba, maana unga nao hunywa chumvi. Alikila, akafumba macho, kisha akasema "Peleka."

Jumanne moja asubuhi alikila, akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

"Nikadhani ni masihara yake," anasema mjane huyo. "Nikamwambia, 'Baba, sema basi, oveni imeshapata moto.' Nilimwambia mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekasirika."

Daktari alisema ni moyo. Presha ilikuwa juu sana.

Watoto wao wawili, ambao wote wanajitegemea mbali, walikuja, wakazika, wakarudi makazini. Wiki mbili baada ya mazishi Mama Pai aliingia jikoni kwa sababu, anasema, nyumba ilikuwa kimya mno na mikono ilikuwa inamwasha. Alipika nyama, akaiacha ipoe, akasukuma unga, akajaza, akafunika, akaoka. Pai arobaini na nane kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki tatu nzima.

Zote hazikuwa na chumvi hata punje.

Yeye hakujua, kwa kuwa hakuwa akila. Aliishi kwa chai. Wateja walijua tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyefungua mdomo, isipokuwa kula. Mafundi wa gereji walinunua, wakatafuna, wakashukuru. Muuguzi wa zahanati ya jirani alinunua mbili badala ya moja. Wapo walioanza kutembea na chumvi mfukoni.

"Mimi yangu niliiweka kwenye kikopo, pembeni ya kikopo cha misumari," anasimulia fundi viatu wa pale kwenye kona, rafiki wa marehemu tangu enzi za lori. "Siku moja nikachanganya vikopo. Nikanyunyizia misumari. Nikatafuna, na sikulalamika." Anakula yamini kwamba ni kweli, na anafunua mdomo kuonyesha jino lililovunjika.

Kwa nini hawakumwambia? Fundi anaacha kucheka. "Ungemwambiaje? Mtu kamzika mumewe juzi, halafu umfuate, 'Shemeji, pai yako mbaya'? Tulikubaliana tule hivyohivyo. Tungekula mpaka tuishe."

Aliyesema ni mama mkwe. Alikuja kukaa na mkamwana wake, akapewa pai akiwa hajavua hata viatu, akauma mara moja na kuiweka chini.

"Kwani mwanangu kaondoka na chumvi yote?" akauliza.

Mama Pai aliketi sakafuni. Kwenye mazishi hakulia. Siku ile alilia mpaka mama mkwe akazima oveni mwenyewe.

"Kwanza nililia kwa aibu," anasema. "Halafu nikaelewa nilichokuwa nafanya. Kila asubuhi nilikuwa naacha beseni lipoe, natoka kwenda kufua au kufagia, nikirudi ndiyo nafunga pai. Nilikuwa nampisha. Nilikuwa nampisha aingie atie chumvi yake."

Tangu siku hiyo bibi ndiye anayetia. Mama Pai alijaribu mara mbili, na mara zote mbili mkono ulifika kwenye kopo ukarudi. Sababu anaisema akiwa uani, anamwaga maji, ili bibi asisikie.

"Miaka tisa nimempa kijiko cha chumvi mtu mwenye presha. Kila asubuhi. Mimi, kwa mkono wangu."

Muuguzi wa zahanati, ambaye anaijua habari hii kuliko mtu yeyote, anakasirika akiisikia. "Nimemwambia mpaka nimechoka: ncha ya kijiko haimuui mtu. Mzee aliacha kumeza vidonge vyake vya presha."

Viliokotwa baada ya mazishi ndani ya sanduku la spana, pakiti kumi na moja, hazijafunguliwa. Marehemu aliwahi kumlalamikia muuguzi kwamba vinamharibia ladha, kila kitu kinakuwa kama chuma. Muuguzi alimwambia aje abadilishiwe. Hakwenda. Kwa mwaka mzima aliuchunga ulimi wake na kuuacha moyo ujitegemee, na mkewe hakuambiwa neno.

Kwa hiyo habari ya vidonge, iliyotakiwa kumpunguzia mjane mzigo, ilimwongezea. Aliviacha kwa ajili ya pai.

Muuguzi amemwomba mara nyingi apime presha yake mwenyewe. Zahanati iko milango mitano tu kutoka hapa na kila siku anapeleka pai huko. "Akiniona nimeshika kitambaa cha kupimia," anasema muuguzi, "anaacha trei mlangoni anakimbia. Mama mzima!"

Ijumaa hiyohiyo, pai za kwanza zikiwa ndani ya oveni, wanawake wawili wanamenya viazi. Maganda yanaanguka kwenye ndoo. Bibi ndiye anayeanza.

"Kesho utatia wewe."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Mama, si unajua alikuwa na presha."

Kisu cha bibi kinasimama. "Najua. Baba yake alikuwa nayo, mimi ninayo. Unadhani kuonja alijifunzia kwako? Ana miaka sita nilikuwa namsimamisha kwenye kiti aonje sufuria. Kama ni lawama zinagawiwa, mimi ndiye mkubwa, zianzie kwangu."

"Mimi sikulaumu, mama."

"Basi na wewe usinipite kwenye foleni."

Wanaendelea kumenya. Baada ya muda bibi anapangusa macho kwa upande wa kanga. Anasema ni vitunguu. Hakuna kitunguu hata kimoja jikoni.

Jumamosi, bibi anakataa kuingia jikoni. Ameketi kibarazani tangu alfajiri, begi miguuni, mgongo ameupa mlango.

Ndani, beseni limepoa mpaka mafuta yameganda juu ya nyama. Mama Pai anafagia mahali alipokwisha kufagia. Anatoka hadi mlangoni, anarudi. Kisha anavuta kopo, anachota, ananyunyiza kwa haraka kama mtu anayemmwagia mwenzake maji ya baridi, na kugeuza kwa mkono mzima hadi kwenye kiwiko.

Anafunga kipai cha kidole gumba. Kinakaa kwenye oveni dakika kumi na mbili. Anakila akiwa amesimama, macho wazi. Hayo macho hataki kuyafumba.

"Imezidi," anaiambia oveni.

Anaponda viazi viwili vilivyochemshwa bila chumvi, anavichanganya, anaoka kingine. Bado. Kiazi kimoja zaidi, kipai cha tatu. Hicho anakitafuna polepole, na anapomeza anagundua amekula vitatu. Ni mara ya kwanza katika miezi saba kwa chakula cha jikoni mwake kupita kooni mwake.

Anangoja kidogo, kama bado kuna mtu wa kusema "Peleka." Halafu anabeba beseni mwenyewe.

Pikapu inafika saa tatu. Wifi anashuka na wanaume wawili na kamba.

"Wifi, watu wangu hawa hapa. Oveni iko tayari?"

"Ina pai."

"Zikitoka je?"

"Zikitoka zitaingia nyingine."

Wifi anatupa mikono juu. Si mtu mbaya. Ndiye aliyelipia gari, na ndiye anayempigia simu Mama Pai kila jioni. "Nimempa mtu wa watu ahadi! Na wewe jitazame, umebaki mifupa na aproni. Kaka yangu alianguka wewe ukiwepo. Wewe ukianguka humu ndani, nani ataona?"

Wabebaji wanaangalia kamba zao. Ni swali la haki, na Mama Pai anatazama kizingiti.

"Jumatatu naenda kupima presha," anasema. "Na Jumatatu zote sioki. Fundi viatu atanigongea kila asubuhi. Nimeshamwambia, nisipoitika avunje mlango."

"Huyo? Ataomba pai kwanza."

"Basi ataingia."

Wanambeba bibi badala ya oveni. Anaketi mbele, mto mgongoni, pai sita za moto kwenye kitambaa mapajani. Gari halijawashwa, anafungua kitambaa na kuuma moja. Wote wanamtazama. Anatafuna kwa meno machache aliyobakiwa nayo, muda mrefu.

"Nzuri," anasema. "Lakini si ya mwanangu."

"Najua, mama."

"Nami nakwambia ujue."

Anamshika mkamwana wake mkono kupitia dirishani, mkono bado una unga, na hauachii mpaka dereva anapowasha gari mara ya pili.

Siku hiyo zinauzwa pai thelathini na tisa. Tisa zinabaki, na Mama Pai hasemi kwa nini. Huenda chumvi, huenda ni Jumamosi tu. Anaosha trei, anafunga mlango wa oveni kwa waya na kubandika karatasi kwenye mlango wa mbele, herufi kubwa za kalamu nyekundu: JUMATATU HAKUNA PAI.

Fundi viatu anakuja kuisoma, mikono kiunoni. "Na sisi Jumatatu tule nini, shemeji?"

"Kuleni kwa wake zenu."

"Mimi sina mke."

"Sasa si utafute? Unangoja nikuokee?"

Fundi anaondoka akicheka. Mama Pai anabaki mlangoni. Nyuma yake nyumba ina vyumba vitatu na, kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe aje, haina mtu mwingine.

Presha anaogopa kuipima, anakiri. Anaogopa zaidi siku itakayobaki akishatoka zahanati, maana hajawahi kuwa na Jumatatu isiyo na kazi. Ameulizwa atafanya nini nayo.

"Nitalala," anasema. "Mpaka jua liingie dirishani. Na nikishindwa kulala, nitajifanya nimelala."