Waya wa Kuanikia Nguo

Opoka alipohama alibeba kitanda, akabeba sufuria kubwa, akabeba hata pazia la mlangoni, akaenda kuishi Kabalagala na mwanamke mwenye baa. Redio aliiacha juu ya kabati kwa sababu antena yake ilikuwa imevunjika, na Opoka hakuwa mtu wa kubeba kilichovunjika. Hata mkewe, Lanyero, Opoka alimwacha hapo hapo kando ya redio.

Miaka imepita. Lanyero bado anaishi katika chumba kile kile cha kupanga, chini ya kilima cha Old Kampala, upande unaoteremkia Kisenyi, na bado anakaanga chapati barazani. Shule hakupelekwa. Kiswahili alikiokota kambini, alipokuwa mke wa askari, na yale mengine yote anayoyajua kuhusu dunia aliyaokota kwenye redio hiyo.

Opoka alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini. Jioni za mpira alikuwa akimpandisha Lanyero juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa ncha ya waya aishike juu. "Simama hapo," alimwambia. "Wewe ndiwe mlingoti wangu." Lanyero alisimama, mtoto mgongoni, mikono ikifa ganzi, na wake wa askari wengine wakipita na kucheka. Mpira ukiisha, Opoka alizima redio akaenda kunywa. Siku moja alisahau kumwambia ashuke.

Mtoto yule wa mgongoni ni Acayo. Kwa Kiacholi ni jina la mtu aliyedharauliwa, na Lanyero alilichagua mwenyewe, maana mwezi aliojifungua hakuna aliyemwita yeye kwa jina zuri pale kwa wakwe zake. Msichana alipomaliza darasa la saba, Opoka akasema imetosha, sauti ya mwanamke inaishia jikoni. Lanyero hakubishana. Alianza kuamka mapema zaidi, akakanda unga mwingi zaidi, na Acayo akaendelea na shule hadi ilipoishia yenyewe.

Sasa Acayo alikuwa ng'ambo. Alikuwa amepata kazi katika kituo kidogo kinachotangaza kwa Kiswahili kwenye masafa mafupi, kwa ajili ya watu wa vijiji visivyofikiwa na mtandao, na Jumamosi ile jioni angesoma habari kwa mara ya kwanza.

"Mama, kwenye simu hutanipata," alimwambia. "Ni redio tu, tena ile ya zamani. Lakini usisumbuke, nitakutumia rekodi."

"Rekodi ni chapati ya jana," Lanyero akamjibu. "Nataka ile inayotoka jikoni."

Redio ilikuwa inawaka, ila bila antena ilikoroma tu. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Lanyero alifunika karai lake akateremka Kisenyi, kwenye duka la Zulaikha, mwanamke wa Kisomali anayeuza vitu vya umeme.

Zulaikha alimtolea kwanza antena ya televisheni, yenye mbavu kama samaki aliyeliwa. Kisha akamtolea nyingine ya duara, inayong'aa, ya kuweka dirishani. "Hii ni ya kisasa, dada yangu. Unaichomeka, umemaliza. Hata uzuri wa nyumba inaongeza."

"Niijaribu."

Waliijaribu kwa redio ya dukani. Nje, gereji zilikuwa zinachomelea vyuma, na duara lile zuri likaleta sauti za chuma tupu.

"Inasikia," Zulaikha alisema.

"Inasikia Kisenyi. Kisenyi naisikia mwenyewe, bila duara."

Zulaikha akacheka, akamwelekeza kwa Mumbere, mtengeneza redio aliyekaa kwenye baraza la jirani. Mumbere aliiangalia ile ya mbavu, akatikisa kichwa. "Hiyo si ya masafa mafupi, nyabo. Utanasa panzi, hawa nsenene, kwa ndoana ya samaki? Wewe tafuta waya tu. Mrefu, ukae juu, mbali na mabati na nyaya za umeme. Basi."

Lanyero alirudi mikono mitupu, amekasirika. Hakumkasirikia Mumbere. Alikasirika kwamba jibu lilikuwa ndani ya mabega yake miaka yote, na alikuwa amekwenda kuliuliza sokoni. Alipoingia uani akainua macho, akauona. Waya wa kuanikia nguo ulikatiza ua mzima, kutoka nguzo ya chuma ya getini hadi nguzo ya chuma ya chooni. Ulikuwa mrefu, mtupu, na uko juu.

Alichukua kipande kingine cha waya, akaunganisha ule wa nguo na kibutu cha antena ya redio, akabana kwa kibanio cha nguo. Akawasha. Redio ilikoroma vile vile.

"Mama Acayo!" Sauti ilitoka kwenye mabeseni. Ilikuwa ya Nabwire, jirani yake kutoka Busia ya Kenya, muuza mitumba, ambaye kila Jumamosi hufua mashuka ya kupeleka sokoni. "Leo umeanika redio? Ilikuwa chafu sana?"

"Fua mashuka yako, mama."

"Nafua. Na nikimaliza nataka waya wangu."

Lanyero alikaa kizingitini akauangalia waya. Kisha akakumbuka mikono yake. Kule kambini Opoka hakumruhusu kuushika waya kwa mkono mtupu. Alimpa kipande cha kandambili azungushie, akimfokea, "Ukiugusa unameza sauti!" Kama mkono wa mtu unameza sauti, nguzo ya chuma iliyozikwa ardhini itafanya nini?

Alileta kandambili zake mwenyewe, za bluu, akapanda juu ya beseni la Nabwire bila kuomba. Akafungua waya kwenye nguzo, akaupitisha katika tundu moja la kandambili, akafunga kamba ya nailoni katika tundu jingine, akaivutia nguzoni. Akaenda chooni akafanya vivyo hivyo. Sasa waya ulining'inia kati ya kandambili mbili, haugusi chuma popote.

Alipowasha, redio iliongea. Kichina, kisha Kiarabu, kisha mtu akiimba mbali sana. Lanyero aliziba mdomo kwa mkono.

Lakini jioni ilipofika Nabwire alikuwa amekwisha kukamua, na mashuka mawili yakatua juu ya waya, yakitiririka. Waya ukalala hadi ukagusa bati la choo. Redio ikafa.

"Toa, Nabwire."

"Waya huu ni wa nyumba nzima. Kwani mimi silipi kodi?"

"Saa kumi na mbili mtoto wangu anasoma habari."

"Kwani mtoto wako ni rais?"

"Rais wanamsikiliza wakitaka wasitake. Huyu mimi namtaka. Toa mashuka, Nabwire, au nitayaosha tena na majivu ya jiko langu."

Nabwire alimtazama. Alikuwa hajawahi kumsikia akiomba kitu, na hata sasa haikuwa kuomba. Akasonya, akayavuta mashuka, akayatundika begani, maji yakimchuruzika mgongoni. "Haraka basi. Nalowa, aki."

Saa kumi na mbili ilipofika, Lanyero alizungusha kitufe polepole kwa kidole kimoja, kama anayegeuza chapati isichanike. Mkoromo. Filimbi. Kisha muziki mfupi, na sauti ya msichana, safi, haina haraka:

"Hamjambo wasikilizaji popote mlipo. Hii ni taarifa ya habari. Msomaji wenu ni Acayo Lanyero."

Nabwire alisogea, mashuka yote begani. "Lanyero? Hilo si jina lako wewe? Shuleni si aliandikwa Acayo Opoka?"

"Aliandikwa."

"Sasa nani kambadilishia?"

"Hata mimi ndiyo kwanza nasikia."

Acayo alisoma habari za mafuriko, na za bei ya kahawa, na za daraja fulani. Lanyero hakushika hata moja. Aliongeza sauti hadi mwisho, milango ya vyumba ikaanza kufunguka, mmoja akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," Nabwire akawaambia. "Ni binti wa Mama Acayo. Nyamazeni." Kisha akainama sikioni kwa Lanyero. "Amemaliza? Nianike?"

"Ngoja," Lanyero alisema. "Hajaaga. Akiaga atalitaja tena jina langu."