Siku Niliyoukalia Mkono Wangu

Mwaka 1968, nikiwa na miaka minane, baba alikufa. Nikatolewa darasa la pili, nikapandishwa kwenye ulingo kufukuza ndege wasile mtama. Hiyo ndiyo shule yangu. Kugawanya kwa penseli sijui, ila yule kasuku mdogo wa shingo ya njano nampiga kwa kombeo akiwa anaruka. Kijiji kizima cha Dirma kinajua.

Mwaka huu, mtama ulipoiva, akaja mwalimu mstaafu, mama wa mvi, darubini shingoni.

"Shikamoo mzee. Namtafuta kasuku wa shingo ya njano, sijawahi kumwona. Wiki ijayo napasuliwa macho, na daktari hajaniahidi kitu."

"Marahaba. Huyo mwizi? Twende."

Tukazunguka mashamba asubuhi yote. Kila tukiona kundi, mkono wangu unaokota jiwe wenyewe, mdomo unapiga "Haaa!" Ndege wanatoweka, darubini inabaki kutazama mawingu.

"Mzee, hii ni mara ya tano."

"Si mimi, mwalimu. Ni mkono."

Nikampeleka shambani kwangu. Nikashusha makopo ya kupigia ndege kelele, nikang'oa sanamu la kutishia ndege. Hawakuja. Mke wangu akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Baba, sanamu hawaliogopi. Wanakuogopa wewe! Vua hilo koti, unalo tangu tuoane."

Basi mimi, mzee wa kanisa, nikavua koti, nikajifunika kitenge cha mke wangu, nikaketi chini kati ya maboga kama boga.

Wakaja. Mmoja akatua begani kwangu, anakula mtama wangu na kunidondoshea maganda shingoni. Mkono ukaanza kuinuka. Nikaukalia. Ukafa ganzi, nikazidi kuukalia.

"Umemwona?" nikanong'ona ndani ya kitenge.

"Nimemwona, mzee. Tafadhali usiinuke."

Sikuinuka mpaka waliposhiba.

Sijapata habari za macho yake. Akija mwakani bila kuona, atawasikia, maana wana kelele.

Leo nina ekari kumi na moja, ng'ombe tisa, nyumba ya bati, plau moja, koti moja, na mke aliyeisimulia habari hii kanisani kabla sijafika. Nina pia mistari minne ya mtama mwisho wa shamba. Hiyo siifukuzii ndege.