Nilizificha Nyuzi za Gitaa za Magesa

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Hata huyu nitakayemtaja nimempa jina jingine. Nina miaka themanini na minne, mwalimu mstaafu, naishi Musoma. Moyo umechoka, na daktari amewaambia wanangu maneno ambayo wao wanadhani sikuyasikia. Naandika mwenyewe kwa simu ya mjukuu, kidole kimoja, kwa vipande, mnivumilie. Siwezi kutulia. Nakaa kitini, nahamia kitandani, narudi kitini. Wanangu wanadhani ni ugonjwa. Ni Magesa.

Miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa nafundisha shule ya msingi Bunda, na jioni nilipiga gitaa la besi kwenye bendi yetu, Radi Jazz. Vyombo tulipewa na wakulima wa pamba. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Magesa, rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe pamoja, alipiga solo. Vidole vyake vilikimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Tulipiga rumba na chacha kama bendi nyingine zote, na watu walikuja kumsikia yeye.

Kisha nyuzi za gitaa zikaadimika, kama vitu vingi wakati ule. Zilipokatika, fundi baiskeli akatupatia waya za breki. Zilikuwa nene. Ukizikaza kama kawaida shingo ya gitaa inapinda, kwa hiyo tulizilegeza, na sauti ikashuka chini sana. Spika nayo ilikuwa imechanika, kila noti ikitoka inakoroma na kukaa hewani. Mpiga drams ikabidi aingoje iishe ndipo apige tena. Watu husema tulibuni mtindo. Hatukubuni chochote, tulikwama tu.

Nikatunga wimbo, "Mahame", juu ya mtu aliyehamia kijiji kipya akaacha nyuma nyumba na makaburi ya wazazi wake. Tuliupiga polepole, kama watu waliobeba mzigo wakipanda mlima. Siku ya kwanza pale Bunda hakuna aliyecheza. Walisimama tu. Baadaye wakaanza kuyumba, mama mmoja akalia waziwazi, na ulipokwisha wakapiga kelele turudie. Tangu hapo tukaalikwa kupiga Musoma, tukaalikwa Murangi, watu wakitufuata kwa malori ya pamba. Kwenye harusi moja Butiama mjomba wa bibi harusi alisimama akafoka, "Nyie vijana, hii ni harusi ama matanga? Binti yetu ameolewa, hajafa!" Bibi harusi akamjibu mwenyewe, "Mjomba, waache wapige. Wewe huwa unalalaga mapema, nenda kalale." Watu walicheka mpaka drams zikasimama.

Lakini Magesa alikuwa anaumia. Waya zilimchana vidole, na ule mwendo wa polepole haukuwa wake. Alijifunga vitambaa, akaniambia, "Mwalimu, ngoja nyuzi zije. Nilikuwaga Magesa mimi, na nitakuwa tena."

Zilikuja. Binamu yake aliyefanya kazi melini alizileta kutoka Kisumu, seti mbili, bado kwenye karatasi zake. Hakumkuta Magesa, akaniachia mimi shuleni. Nilikusudia kumpa jioni ile ile. Jioni ilifika tukafanya mazoezi, nikamwangalia akipiga na vitambaa vyake, na sikumpa. Nilizifunika kwa mashati ndani ya sanduku langu. Binamu naye alihamishiwa upande mwingine wa ziwa, hakurudi kuuliza.

Kwa muda mrefu nilijiambia niliupenda muziki ule, na ni kweli niliupenda. Ila si hilo tu. Kwenye rumba la haraka hakuna anayemsikia mpiga besi. Kwenye "Mahame" besi ndiyo ilikuwa wimbo. Kwa mara ya kwanza watu walinigeukia mimi, na nyuzi zile zingewageuza tena kwake.

Miezi michache baadaye wenzetu walitaka mpiga solo mwingine. Kikao nilikiongoza mimi. Nikamwambia Magesa mbele ya wote, "Ndugu, mkono wako ni mwepesi. Muziki huu haukutaki." Alivitazama vidole vyake, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaliegemeza gitaa ukutani, akaenda Bukima kuvua samaki. Hakugusa gitaa tena. Bendi ilidumu misimu mitatu tu baada yake. Ilipovunjika nilizitumbukiza nyuzi chooni, bado kwenye karatasi zake.

Mwezi uliopita Magesa alikuja kuniona. Amekonda, ila anatembea vizuri kuliko mimi. Alinishika mkono akasema, "Watu wote walinisifia. Wewe peke yako uliniambia ukweli, ndiyo maana sikupoteza maisha kwenye gitaa. Hata mwanangu mkubwa alipotaka kupiga, nilimkatalia. Nikamwambia ukoo wetu hauna mkono wa muziki."

Niliitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia kwa kichwa.

Mke wangu nimemweleza yote. Akasema, "Mzee, usimuue mwenzio ili wewe ufe vizuri. Ameishi akiamini hivyo, mwache." Saa nyingine naona ana hekima. Saa nyingine namfikiria yule mwana, sasa naye ana wajukuu, aliyenyimwa gitaa kwa uongo wangu, na naona kunyamaza ni kuzificha nyuzi mara ya pili.

Magesa anarudi Jumamosi, na safari hii anakuja na huyo mwanawe. Amesema anataka amwonyeshe mtu aliyewahi kumwambia baba yake ukweli.

Ninyi mlio umri wa wanangu, na ninyi wenye umri wangu kama mpo humu, nielekezeni. Nimwambie mbele ya mwanawe, au nimruhusu anishukuru kwa mara ya mwisho? Nijibuni kabla ya Jumamosi.