Mwenye Kushika Chini

Kabati linapopandishwa ngazi, uzito wote humshukia aliye chini. Aliye juu huongoza tu. Kobe alishika chini maisha yake yote ya kazi, na jina hilo alipewa na wauza samani kwa kuwa kila walipomwona alikuwa na nyumba ya mtu mgongoni. Aliyeshika juu alikuwa Twiga, mtu mrefu, mchache wa maneno, aliyepanda kinyumenyume na kutamka neno moja kila ngazi ilipokata kona: "Pumzi." Hapo walitua, wakahema, wakaendelea. Walianza hivyo ndevu zao hazijaota, wakafika hadi zilipoingia mvi.

Kisha kitovu cha Kobe kikaanza kutokeza. Mwanzoni ulikuwa uvimbe laini, mdogo kama limau, uliorudi ndani kila alipolala chali. Akaufunga kwa kipande cha shuka kuukuu chini ya shati, asimwambie mtu. Angemwambia nani? Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki na binti yake aliolewa mbali. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini Kobe aliuona msemo huo kuwa ni wa watu wenye nafasi ya kuugua.

Twiga aligundua bila kuona. Siku moja, katikati ya ngazi, kabati liliinamia upande mmoja, naye akajua kwamba mkono mmoja wa mwenzake haupo kwenye mzigo. Ulikuwa umeshika tumbo. Wakatua. Kobe akasingizia kiungulia; Twiga akamfunua shati bila kuomba ruhusa, akatazama kile kitambaa na kilichokuwa chini yake, kisha akasema hatashika tena mzigo na mtu huyu mpaka aende hospitali. Kobe alimjibu kwamba anayetaka kumwacha mwenzake hakosi sababu. Juma lililofuata Twiga alikuwa amepata kazi kwenye yadi ya malori, na Kobe akabaki na jibu lake mdomoni.

Akawa anabeba peke yake: viti, meza, magodoro, chochote kisichohitaji mtu wa juu. Jioni alipanda hadi chumba chake cha ghorofa ya mwisho, akala akiutazama ukuta. Kiti cha pili, alichokuwa akikikalia Twiga walipokunywa chai, sasa kilianikiwa shati.

Siku uvimbe ulipogoma kurudi ndani, alitapika hadi majirani wakasikia, ndipo akaenda. Daktari, binti wa sauti ya chini, aliubembeleza kwa vidole mpaka ukaingia, kisha akamweleza. Hiyo ni ngiri ya kitovu: ukuta wa tumbo umepata upenyo, na utumbo unachungulia nje. Safari nyingine ukinasa, damu itakatika na utumbo utaoza. Hawatampasua tumbo zima. Watatoboa matundu madogo ubavuni, wamjaze hewa maalumu ili wapate nafasi ya kufanya kazi, waingize kamera na vyombo vyembamba, kisha waufunike ule upenyo kwa wavu kutoka ndani.

"Nani atakuja kukuchukua, baba?"

Kobe alisema atarudi mwenyewe. Ngazi za kwake ameshazipanda na vitu vizito kuliko yeye. Daktari alitabasamu, lakini hakulegeza msimamo. Aliyetoka kwenye dawa ya usingizi haondoki peke yake. Pasipo mtu, hakuna upasuaji.

Hivyo akaenda kwenye yadi. Njia nzima alipanga hotuba ndefu, lakini alipomkuta Twiga amekaa juu ya kreti akifunga kamba, hotuba ikayeyuka.

"Nimepewa siku," alisema. "Wanataka mtu wa kunirudisha."

"Binti yako?"

"Yuko mbali."

Twiga alikaza fundo, akalijaribu kwa kulivuta. "Nitaona."

Hilo ndilo neno wanaloambiwa watoto ambao hawatapewa. Hata hivyo, muuguzi alipomuuliza asubuhi ya upasuaji, Kobe alisema ndugu yake anakuja, akaomba Mungu asiulizwe saa ngapi.

Alipozinduka, tumbo lilimuuma kidogo, lakini bega lilimuuma hasa. Akamuuliza muuguzi ni nani aliyembebesha mzigo akiwa amelala. Muuguzi alicheka, akamwambia ni ile hewa, itakwisha yenyewe. Baadaye alimkalisha kwenye benchi karibu na mlango. Wagonjwa wenzake wakachukuliwa, huyu na mkewe, yule na wanawe, mpaka benchi likawa lake peke yake, na muuguzi akaanza kuitazama saa iliyo ukutani, kisha kumtazama yeye.

Twiga aliingia na vumbi la yadi mabegani. Hakueleza kilichomchelewesha.

Walipofika chini ya ngazi za nyumbani, Kobe alimngoja atangulie, kwani ndivyo walivyozoea. Twiga hakutangulia. Alisimama nyuma yake, kidato kimoja chini, akamwekea kiganja mgongoni.

"Huko si kwako," alisema Kobe.

"Panda."

Kwenye kona ya kwanza wote wawili walisita, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.

"Sema wewe," alisema Twiga. "Wewe ndiye uliye juu."

Kobe hakuwahi kulitamka neno hilo. "Pumzi," akasema, wakatua.

Chumbani, Twiga alimwekea maji karibu na kitanda, akamkumbusha kwamba hata ndoo asiinue mpaka daktari amruhusu. Kobe akamuuliza kama, akishapona, watarudi kwenye makabati.

"Ukipona utapona," alisema Twiga. "Lakini mimi sikuweki chini tena. Niliondoka ili uache, nawe ukabeba peke yako."

Alitoa lile shati kitini, akalikunja, akaliweka kitandani. Kobe alidhani atakaa. Lakini lori lilikuwa likimngoja, akaaga, akatoka.

Kobe alisikiliza hatua zikishuka. Kila zilipofika kwenye kona zilisita kidogo, kama miguu iliyofundishwa, kisha zikaendelea, mpaka mlango wa chini ukafungwa. Aligeuza uso kuelekea kwenye kile kiti kitupu, akalala hivyo, mkono mmoja tumboni.